Uvimbe umeshatolewa, kwa nini upelekwe maabara?

Msomaji wa Morogoro anauliza kuhusu mama yake mkubwa, aliyefanyiwa upasuaji wa kongosho. Macho yalikuwa yamegeuka manjano, CT skani ikaonyesha uvimbe kwenye kichwa cha kongosho, madaktari wakaukata, na sasa mgonjwa ameanza kunywa uji mwenyewe. Lakini familia imeambiwa isubiri majibu ya kinyama, na siku zinakwenda. Ikiwa uvimbe umeshatoka, anauliza, una haja gani ya kupimwa, tena kwa pesa?

Haja ipo, na ni kubwa kuliko familia nyingi zinavyodhani.

CT inaonyesha kuwa kuna kitu, mahali kilipo na ukubwa wake. Ni kitu gani hasa, picha peke yake mara nyingi haitoshi kusema. Kongosho lililoharibiwa na pombe kwa miaka mingi linaweza kufanana sana na lenye saratani. Upo hata ugonjwa ambao kinga ya mwili hulishambulia kongosho likavimba na kubana njia ya nyongo. Huo kwa kawaida hutibiwa kwa dawa za steroidi, si kwa kisu. Ndiyo maana wapo wagonjwa wanaopasuliwa kwa kushukiwa saratani, kisha maabara ikakuta hawana.

Kinyume chake pia hutokea. Mwanzoni mwa mwaka 2009 Ruth Bader Ginsburg, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, alipigwa CT ya kawaida ya kila mwaka, ikaonyesha kivimbe cha takriban sentimita 1 kwenye kongosho. Februari 5 alifanyiwa upasuaji jijini New York. Kivimbe kile kilichowatia watu hofu hakikuwa saratani. Ila katika kulipekua kongosho kilionekana kivimbe kingine, kidogo zaidi, ambacho CT haikukiona kabisa, na kilipopimwa ndicho kikawa saratani. Matezi yote ya limfu yaliyokaguliwa yalikuwa safi. Ugonjwa wa kongosho ulirudi baadaye, akafariki Septemba 2020, lakini zaidi ya miaka 11 ilikuwa imepita na sehemu kubwa aliitumia kazini. Kama pale wangeridhika na picha tu, hata jibu la swali «anaumwa nini?» lingekuwa la makosa.

Turudi kwa mama mkubwa: kinachotolewa mwilini uvimbe unapokuwa kwenye kichwa cha kongosho, kama wake, si kipande kimoja. Daktari huondoa kichwa cha kongosho pamoja na duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba), mfuko wa nyongo, kipande cha njia ya nyongo, na mara nyingine sehemu ya tumbo. Ni upasuaji mzito, unaojulikana kwa jina la Allen Whipple, aliyeuandika mwaka 1935, ingawa Walther Kausch wa Ujerumani alikuwa ametangulia kuufanya mwaka 1909.

Furushi hilo lote linapofika maabara, mtaalamu wa patholojia hulipaka wino wa rangi mbalimbali sehemu zile zilizokatwa: rangi moja palipokatwa kongosho, nyingine upande ulioegemea mishipa mikubwa ya damu. Kisha hulikata vipande vyembamba, na kwa ncha za vidole hutomasa mafuta yaliyolizunguka akitafuta matezi ya limfu, mengine madogo kama punje ya mtama. Kazi hii haitaki haraka. Mwongozo wa kimataifa unataka angalau matezi 12 yakaguliwe, kwa sababu anayekagua matatu na kuyakuta safi hajui lolote kuhusu yale aliyoyaacha kwenye mafuta. Saratani ikikutwa kwenye tezi 1 hadi 3, hiyo ni hatua moja. Ikikutwa kwenye 4 au zaidi, hatua inapanda.

Wino nao una kazi yake chini ya hadubini. Seli za saratani zikiguswa na rangi, maana yake kisu kilipita katikati ya ugonjwa na mabaki huenda yamo mwilini. Nchini Uingereza, ukingo hauhesabiwi kuwa safi ikiwa saratani imeukaribia kwa milimita 1 au pungufu.

Aina ya saratani nayo hubadilisha kila kitu. Ile inayoanzia kwenye vijia vya kongosho ndiyo ya kawaida na ndiyo kali. Hata kingo zikiwa safi, mgonjwa mwenye nguvu kwa kawaida hushauriwa kutumia dawa za saratani. Ile inayoanzia kwenye seli za homoni, aliyokuwa nayo Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Apple, mara nyingi hukua polepole: yeye alipasuliwa mwaka 2004 akafariki 2011.

Kuhusu kusubiri, nyama hukaa kwenye formalini siku moja au mbili ili isioze, ikaondolewa maji, ikagandishwa ndani ya nta na kukatwa kwa unene wa takriban maikroni 4, ndipo ipakwe rangi. Pakiwa na shaka hukatwa tena, au hutumwa kwenye maabara yenye vipimo zaidi. Wiki moja au mbili si uzembe.

Panapostahili ukali ni kwenye kopo. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki ndugu hukabidhiwa kinyama wakipeleke wenyewe, na hapo ndipo kinapoharibika. Kisitiwe kwenye maji, spiriti wala friza. Kikae kwenye formalini, inayotakiwa kuwa takriban mara 10 ya ujazo wake, ndani ya chombo chenye mdomo mpana, na jina la mgonjwa liandikwe kwenye chombo chenyewe, si kwenye mfuniko unaoweza kubadilishwa. Wala kisigawanywe kwenda maabara mbili; kikikatwa ovyo, kingo hazisomeki tena.

Majibu yakitoka, msomaji huyu aombe nakala ya ripoti nzima, kisha amuulize daktari wa mama mkubwa: ni aina gani, kingo zikoje, matezi mangapi yalikaguliwa na mangapi yana ugonjwa. Aulize pia vile vipande vya nta vimehifadhiwa wapi. Vinadumu miaka mingi, na daktari mwingine akitaka kuhakiki majibu, anaweza kuvisoma upya bila mgonjwa kuguswa tena.