Anakariri Ukurasa, Bado Hajasoma

Ninaishi Mang'ola, kazi yangu ni vibarua vya vitunguu. Mwanangu yuko darasa la pili. Akishika kitabu husoma ukurasa mzima bila kukwama, nami nilikuwa namsifu kwa majirani. Wiki iliyopita niliweka kidole kwenye neno moja katikati ya ukurasa huohuo, nikamwambia asome hilo tu. Akanyamaza, kisha akaanza tangu juu mpaka akalifikia. Shemeji anasema nimhamishie shule ya mchepuo wa Kiingereza Karatu mjini. Mwalimu wake anataka tuache kuongea Kiiraqw nyumbani, lakini tunaishi na bibi yake, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu. Je, mtoto ana tatizo la akili? Nifanye nini?
Mama wa Mang'ola

Mama, kwa ulivyoeleza, sioni tatizo la akili. Mtoto anayeweza kushika ukurasa mzima kwa kusikia tu ana kumbukumbu ya kutosha. Shida ni kwamba hajawahi kusoma peke yake. Darasa likijaa na vitabu vikiwa vichache, mwalimu hutangulia na watoto huitikia kwa pamoja. Sauti za wenzake zimembeba mwanao, na hakuna aliyegundua mpaka ulipoweka kidole.

Kidole hicho ndicho kipimo. Mwaka 2010 watafiti wa Uwezo walianza kupita nyumba kwa nyumba hapa Tanzania na majaribio ya ngazi ya darasa la pili: silabi, kisha maneno, aya, mpaka hadithi. Mtoto husoma peke yake, na pale anapokwama ndipo wanapojua amefika wapi. Nawe unaweza kufanya hivyo ukiwa umekaa jikoni.

Kata boksi la sabuni upate kadi ndogo. Andika ma, ka, la, na, moja kwa kila kadi, uzichanganye, umwonyeshe mojamoja. Akizitambua zote, ziandike zikiwa zimeunganishwa: kaka, lala, kama. Halafu, na hapa ndipo penye siri, unda maneno yasiyo na maana yoyote: kanama, lamaka. Hayo hawezi kuwa ameyakariri popote. Akiyasoma, ujue anasoma kweli. Akikwama, usimkaripie na usimtajie jibu haraka. Rudi kwenye kadi mbili, mtamke pamoja, kisha umwachie.

Mkizoea, ongezeni irabu nyingine, ndipo mwende kwenye silabi ngumu: nya, ngu, mbwa, ng'o. Mwandikie "kitunguu" kwenye kadi aibandike kwenye gunia. Dakika kumi kila jioni zinafaa kuliko saa mbili za Jumapili.

Kuhusu shule ya shemeji, jibu langu ni hapana. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja hubaki na sauti yake popote inapokaa. Ni mojawapo ya lugha rahisi kuanzia kusoma. Kiingereza hakiko hivyo: herufi moja hubadilika sauti kutoka neno hadi neno. Mtoto ambaye hajaunganisha k na a kwa Kiswahili utampeleka akaanze upya kwa lugha ambayo hakuna wa kumsaidia nayo nyumbani, na ada utalipa wewe kwa jasho la vitunguu. Afadhali hela hiyo inunue vitabu vya hadithi.

Na kuhusu bibi, sikubaliani na mwalimu. Mtoto aongezewe Kiswahili, sawa, lakini Kiiraqw asinyang'anywe. Nakumbuka nilipokuwa nafundisha huko Ngorongoro, upande wa Endulen, mtoto wa Kimaasai alinisomea vizuri sana: "Ng'ombe wetu wako kule mtoni." Nikamuuliza ng'ombe wako wapi. Akanijibu, "Maziwa." Nilikaribia kumwandikia kosa. Kumbe kwa Kimaa, kule ni maziwa. Alikuwa ametafuta maana mahali alipokuwa nayo. Siku ile nilijifunza kwamba mtoto anaweza kutamka kila neno na bado sentensi isimfikie.

Kwa hiyo mwanao akimaliza kusoma aya fupi, mwambie amsimulie bibi kwa Kiiraqw alichosoma. Bibi aulize maswali: nani alikwenda, kwa nini alilia, kisha ikawaje. Mtoto akiweza kujibu, ameelewa. Akibabaika, rudini kwenye aya mweleze maneno magumu. Bibi huyo mwenye Kiswahili cha sokoni atakuwa msimamizi wa mtihani bora kuliko wengi niliowahi kuwaona.

Jambo moja dogo: Kiiraqw hakina sauti za z na v. Akiisoma "zawadi" kama "sawadi", msahihishe kwa upole, lakini usihesabu kwamba ameshindwa. Hiyo ni lafudhi, na hata wapimaji wa kusoma huelekezwa wasimkate mtoto alama kwa lafudhi yake.

Mpeleke pia zahanati wamwangalie macho na masikio. Kisha nenda shuleni, bila ugomvi, na kadi zako mkononi. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliwekwa upya mwaka 2015 ili ujikite kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa hiyo huombi fadhila. Mweleze mwalimu ulichokiona, umwombe amsikilize mwanao peke yake walau mara moja kwa wiki, kwa ukurasa ambao hajawahi kuusikia.

Anzeni leo jioni na zile kadi nne. Baada ya mwezi mmoja niandikie, uniambie amefika kadi ipi.