Gari la Hisani kwa Shilingi 5,000: Vidokezo 7 vya Kukata Tiketi kwa Akili

Alizeti zimevunwa, fedha kidogo imeingia mfukoni, na huyo hapo mtu wa kitabu cha tiketi anakukaribia huku akitabasamu. Zahanati inahitaji paa, shule inahitaji madawati, na zawadi ya kwanza ni gari! Usimkwepe. Changia, tena kwa moyo mkunjufu. Ila kabla ya kutoa noti, jipe dakika tano na kikokotoo cha simu yako. Hesabu yenyewe ni kugawanya tu.

1. Uliza, "Zimechapwa ngapi?"

Bei ya tiketi peke yake haikuambii lolote kuhusu nafasi yako ya kushinda. Kinachosema ni idadi ya tiketi zitakazoingia kwenye droo. Tuchukue mfano mmoja twende nao hadi mwisho: gari dogo lililotumika, thamani yake shilingi milioni 15, tiketi 5,000, kila moja shilingi 5,000. Ukikata moja, nafasi yako ni 1 kati ya 5,000. Unataka kuiona kwa macho? Panga mabasi 77 pale stendi ya Misuna, Singida, kila moja viti 65, halafu ufunguo wa gari ufichwe chini ya kiti kimoja tu. Ukikata tiketi 10, umepata viti 10. Hongera, lakini mabasi bado ni 77!

Na kaujanja kadogo: soma namba ya tiketi yako. Kama umeambiwa zimechapwa 5,000 na yako inasomeka 07812, uliza kwa upole, "Samahani ndugu yangu, hizi za ziada zimetoka wapi?"

2. Ikate shilingi 5,000 yako mafungu mawili

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote, kwa hiyo nivumilie kidogo. Chukua thamani ya gari, gawa kwa idadi ya tiketi. Milioni 15 kwa 5,000 ni shilingi 3,000. Maana yake ni kwamba katika kila 5,000 unayotoa, 3,000 inalipia gari la mshindi, na 2,000 ndiyo inayokwenda kwenye paa la zahanati, kabla ya kutoa gharama za uchapishaji na matangazo. Huo ndio mchango wako halisi. Kama gari limetolewa bure na mfadhili, hapo raha zaidi: karibu 5,000 yote inajenga.

Sasa angalia jambo hili. Zikiuzwa tiketi 2,500 tu, nafasi yako inapanda mara mbili, na tiketi uliyonunua kwa 5,000 sasa imebeba fungu la gari lenye thamani ya shilingi 6,000. Dili! Lakini kamati imekusanya milioni 12.5 na gari ni milioni 15. Zahanati imeingia hasara ya milioni 2.5. Kwa hiyo katika bahati nasibu ya hisani, siku nafasi yako inapokuwa nzuri sana, ujue paa haliezekwi. Mimi naona ni heri kufurahia ile 2,000 kwa dhati. Na ukitaka yote 5,000 ifike, mpe mweka hazina mkononi, chukua risiti, na usikate tiketi kabisa. Hata Marekani mamlaka ya kodi haihesabu bei ya tiketi ya bahati nasibu kuwa mchango wa hisani, kwa sababu mnunuzi amepewa nafasi ya kushinda kitu.

3. Ofa ya "tatu kwa 12,000" ipigie mahesabu

Ni ofa ya kweli: kila tiketi imeshuka hadi 4,000, na kwa fedha ileile unapata nafasi zaidi kwa robo. Lakini rudi kwenye kidokezo cha pili. Gari bado linakula 3,000 kwa kila tiketi, kwa hiyo mchango wako umeshuka kutoka 2,000 hadi 1,000. Ukitaka ofa, ichukue pamoja na majirani wawili: kila mmoja 4,000 na tiketi yake yenye jina lake. Tafadhali, jina lake! Tiketi ya ushirika bila maandishi imeshavunja urafiki mwingi.

4. Usichanganye gari na zawadi ndogo

"Zawadi 10 kushindaniwa!" Vizuri. Nafasi ya kuondoka na chochote ni kama 1 kati ya 500. Ya kuondoka na gari ni ileile 1 kati ya 5,000. Soma orodha yote uone hizo tisa nyingine ni nini. Mabati, pikipiki na baiskeli ni kitu. Kalenda tisa, mh.

5. Linda kishina chako

Muuzaji amekiegemeza kitabu kwenye tanki la bodaboda, kalamu inagoma kwenye herufi ya tatu ya jina lako, abiria anapiga kelele twende. Ngoja. Kile kipande kinachobaki kitabuni ndicho kitakachoingia kwenye sanduku la droo, siyo hiki ulichopewa wewe. Hakikisha jina linasomeka, namba ya simu ina tarakimu 10, na namba ya kishina inalingana na ya tiketi yako. Kisha piga picha vyote viwili.

Uliza pia kuhusu tiketi zitakazobaki bila kuuzwa. Vishina vyake visiingie sandukuni kamwe. Vikiingia, kamati inaweza kushinda gari lake yenyewe, na nyinyi mliolipa mtakuwa mmeshindana na karatasi tupu.

6. Tazama kibali, kisha tazama gari

Michezo hii inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Kuomba kuona kibali siyo ukorofi, na kamati safi itakionyesha kwa furaha. Walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kucheza, kwa hiyo usimkatie mwanao tiketi kwa jina lake. Kuhusu gari, uliza kadi iko kwa nani na nani atalipia kubadilisha umiliki TRA, bima, na kodi ya ushindi kama ipo. Gari la bure lenye madeni ya kukushtua linauzwa wiki hiyohiyo kwa bei ya kutupa.

Ukipigiwa simu, "Umeshinda, tuma ada ya usafirishaji kwenye namba hii", usitume hata senti. Peleka namba hiyo TCRA kupitia 15040, kisha nenda kwa kamati kwa miguu yako.

7. Wewe uliye kwenye kamati: anza na wauzaji, bei baadaye

Milioni 25 zinapatikana kwa njia nyingi: tiketi 2,500 za shilingi 10,000, au 5,000 za 5,000, au 12,500 za 2,000. Kwenye karatasi zote ni sawa. Mtaani hazifanani hata kidogo! Kwa vitabu vya tiketi 50, ile ya 2,000 inadai vitabu 250, na kila kitabu kinahitaji mtu mwaminifu wa kukizungusha Ipembe, Kiomboi, Ikungi na Manyoni. Una watu hao? Kama unao 25, kila mmoja vitabu vinne, basi 5,000 ndiyo bei yako.

Anza kuuza baada ya mavuno, siyo Januari watu wakiwa shambani. Andika kwenye tiketi yenyewe tarehe ya droo na nini kitatokea mauzo yasipofika tiketi 3,000, maana hapo ndipo gari linapojilipa: droo itasogezwa mara moja tu, au fedha zitarudishwa. Na kama hesabu ya 3,000 inawakosesha usingizi, acheni gari. Wekeni ng'ombe wawili wa maziwa au cherehani tano, tiketi 1,000. Mnunuzi anapata nafasi bora mara tano, na kamati inalala vizuri. Kwa zahanati nyingi za vijijini kwetu, ningechagua ng'ombe.