Dondoo muhimu: Kufundisha imani ya kweli shule ya Jumapili

Anza na Mathayo 7:24–27, mfano wa wajenzi wawili. Walimu wengi hukazia mwamba na mchanga, wakalipita haraka jambo lenyewe: wajenzi wote wawili ni mfano wa watu waliosikia maneno ya Yesu. Aliyeyatenda ndiye ambaye nyumba yake ilisimama. Waache watoto wautafute mfanano huo wenyewe kabla hujawaambia.

Kazi ya mikono: Andaa masinia mawili, moja lenye jiwe bapa, jingine lenye kichuguu cha mchanga mkavu. Nyumba ni viboksi vya kiberiti. Cha kwanza kishikize kwenye jiwe kwa udongo wa mfinyanzi, cha pili kiweke juu ya mchanga. Mimina maji polepole kwa jagi, pembeni mwa nyumba wala si juu yake, ili watoto waone mchanga unavyochimbika chini hadi kiboksi kinainama. Usiwaharakishe, maana maswali mazuri huja hapo. Lijaribu zoezi nyumbani kwanza.

Usitoe pipi kwa anayejibu kwamba anampenda Yesu. Mtoto hujifunza upesi jibu lenye malipo.

Juma linalofuata, someni Yakobo 2:14–17, juu ya imani isiyo na matendo, kisha kila mtoto achague tendo moja dogo: kumchotea bibi maji, kumwomba radhi mwenzake. Wakirudi, usiwaite mbele kutoa taarifa. Mathayo 6:1–4 inaonya dhidi ya kutenda mema ili tuonekane na watu.