Neno "person": kutoka kinyago cha jukwaani hadi Nafsi



Ndugu msomaji, leo tutazame neno la Kiingereza ambalo hata mtoto wa shule ya msingi analijua: "person". Ukimwuliza maana yake atakujibu mara moja, "mtu". Jibu ni sahihi. Lakini liingize jibu hilo katika katekesi uone. Wenzetu wanaosali kwa Kiingereza husema Mungu ni mmoja katika "three persons". Je, nasi tuseme Mungu mmoja katika watu watatu? Hapana, maana hao wangekuwa miungu watatu. Sisi tunasema Nafsi tatu. Neno moja la Kiingereza linadai maneno mawili ya Kiswahili, na sababu yake ni ya kihistoria.

Asili yake ni neno la Kilatini "persona", yaani kinyago alichovaa mwigizaji jukwaani. Baadaye likamaanisha mhusika katika mchezo, kisha nafasi ya mtu katika jamii au mahakamani. Boethius, mwanafalsafa wa karne ya 6, alilihusisha na sauti inayovuma kupitia tundu la kinyago. Wataalamu wa lugha wa leo wanayatilia shaka maelezo hayo, na wapo wanaolitafuta neno hilo kwa Waetruski. Kupitia Kifaransa cha zamani likafika Uingereza, likazaa watoto wawili: "person" na "parson", yaani mchungaji wa parokia. (Kwa hiyo "paroko" na "mtu" kwa Kiingereza ni ndugu wa tumbo moja. Nadhani waamini wengine watalifurahia hilo.)

Aliyeliingiza neno hili katika mafundisho ya Utatu kwa Kilatini ni Mwafrika, Tertullian wa Karthago, mwanzoni mwa karne ya 3. Hatari yake ilikuwa wazi. Ikiwa "persona" ni kinyago, basi Baba, Mwana na Roho Mtakatifu wangeweza kudhaniwa kuwa sura tatu anazovaa Mungu yule yule kwa zamu. Hivyo ndivyo walivyofundisha wafuasi wa Sabellius, na Kanisa likakataa. Ilibidi neno litolewe jukwaani na kupewa uzito mpya. Mtaguso wa Kalsedonia, mwaka 451, ulikiri kwamba Kristo ni Nafsi moja katika asili mbili. Boethius akatoa maelezo ambayo Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliyapokea na kuyafanyia kazi: kwa maneno yetu, ni huyu mmoja hasa, asiyegawanyika, anayesimama mwenyewe, mwenye asili ya akili.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko tunavyodhani. Tuna "nini" na tuna "nani". Asili hujibu swali la "ni nini?", nafsi hujibu swali la "ni nani?" Hata katika sarufi tunasema nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu, yaani mimi, wewe, yeye, na Waingereza hapo hutumia neno lile lile "person".

Katika matumizi ya kila siku, wingi wake wa kawaida ni "people". "Persons" utaikuta zaidi katika sheria na teolojia. "In person" ni mwenyewe, ana kwa ana. "Personal" ni -a binafsi, na ndani yake tazama, "nafsi" imo. Nasi mafrateri tukisoma kwamba padre huadhimisha "in persona Christi", tusirudi kwenye kinyago: padre haigizi Kristo, bali Kristo mwenyewe ndiye atendaye kupitia kwake.

Lakini neno lenyewe linavutwa kurudi nyuma. Mwishoni mwa karne ya 17, John Locke alitenganisha "man" na "person". Kwake, "person" ni mwenye fahamu anayeweza kujitambua na kukumbuka kuwa ni yeye yule wa jana. Mwaka 1979 Peter Singer, mwanafalsafa wa Australia, alichapisha kitabu "Practical Ethics" na kudai kwamba mtoto mchanga ni binadamu, ila bado si "person", kwa hiyo haki yake ya kuishi si sawa na yako. Wakati huo huo, sheria za Kiingereza huhesabu kampuni kuwa "person". Kampuni imo, kichanga hayumo!

Udhaifu wa hoja hii, kwa maoni yangu, ni kwamba inachukua jambo ambalo mtu hulifanya na kulifanya kuwa ndilo mtu mwenyewe. Kukumbuka ni tendo. Tendo lina mtendaji, na mtendaji hutangulia tendo. Aliyelala hakumbuki kitu, lakini hatumwamshi ili awe mtu tena.

Katika kanda zetu wapo wazee ambao hawakumbuki tena majina ya watoto wao, pengine hata majina yao wenyewe. Mhudumu wa Komunyo anapobisha hodi siku ya Jumapili, mwenye nyumba humwuliza, "Umemfuata nani?" Naye hutaja jina la mzee, lile alilobatizwa nalo, na anaonyeshwa chumba.