Mbinu za Kusoma Picha za Mafumbo za Koo Kubwa za Roma

Katika karne ya 17, koo tajiri za Roma zilitangaza heshima yao kwa picha zilizochongwa kwenye mabamba ya shaba na kupigwa chapa kwenye karatasi. Picha hizo za enzi ya baroko zimejaa wanawake wanaoelea mawinguni na watoto wenye mabawa, na asiyejua pa kuanzia huchoka upesi. Nyingi unaweza kuzitazama bure katika tovuti za makumbusho kama Rijksmuseum ya Amsterdam. Ikuze picha kwenye skrini, kisha fuata hatua hizi.

1. Tafuta nembo kwanza. Nyuki watatu ni Barberini. Milima sita na nyota ni Chigi. Njiwa mwenye tawi la mzeituni mdomoni ni Pamphilj. Joka na tai ni Borghese. Nembo nayo hutengenezwa: inaelezwa kuwa Barberini walianza na nzi waumao ng'ombe, na walipopanda hadhi nzi wakageuzwa nyuki.

2. Tazama mikono. Wanawake wale ni sifa zilizovishwa umbo la mtu. Mwenye mizani ni Haki, mwenye nanga ni Tumaini, mwenye nguzo ni Ushupavu, mwenye kioo na nyoka ni Busara. Wasanii walizichota alama hizi katika kitabu cha Cesare Ripa, Iconologia, kilichotoka Roma mwaka 1593 na kutiwa picha mwaka 1603.

3. Angalia nani yuko juu na nani yuko chini. Chukua dari alilochora Pietro da Cortona katika kasri la Barberini kati ya 1632 na 1639. Nyuki watatu wakubwa wanapaa ndani ya shada linaloshikwa na Imani, Tumaini na Upendo, na juu yao zipo funguo na taji la Papa. Chini ya miguu ya mwanamke anayewakilisha Maongozi ya Mungu yupo mzee anayemla mwanawe: huyo ni Wakati. Ujumbe wake ni kwamba Wakati hula vyote, ila ukoo huu umechaguliwa na Mungu.

4. Soma maandishi ya pembezoni. Baada ya jina, "invenit" humtaja aliyebuni picha, "pinxit" aliyeipaka rangi, "sculpsit" aliyeichonga, na "excudit" aliyeichapisha. Ukikuta maneno ya kuitunuku picha kwa mkubwa fulani, hapo umempata anayesifiwa.

5. Linganisha tarehe na historia. Maffeo Barberini alikuwa Papa Urbano VIII tangu 1623. Mwaka 1642 kilitoka Aedes Barberinae, kitabu cha kulisifu kasri hilo, chenye picha za dari lile zilizochongwa na Cornelis Bloemaert na wenzake. Miaka miwili baadaye Papa akafariki, kiti kikaenda kwa Pamphilj, mahesabu ya Barberini yakaanza kuchunguzwa, na wapwa wa marehemu wakakimbilia Ufaransa.

Hatua hii ya tano usiiruke kamwe. Picha ya namna hii ni madai ya ukoo juu ya nafsi yake, wala si ushahidi. Istaajabie kazi ya mchongaji, kwani inastahili, lakini kila mara jiulize: ukoo huu ulitaka watu waamini nini, na kwa nini wakati huo?