Uhandisi Ujenzi na Matawi Yake: Somo Kutoka Kariakoo

Mpita njia katika Mtaa wa Kongo hutazama khanga, viatu na mizigo iliyo vichwani mwa wachukuzi. Ni nadra kutazama nguzo. Hata hivyo, kila duka na kila ghala la Kariakoo husimama kwa hesabu za mtu asiyeonekana, au huanguka kwa kukosa hesabu hizo. Tarehe 29 Machi, 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, lilianguka na watu 36 wakafariki. Tarehe 16 Novemba, 2024, jengo la ghorofa lenye maduka liliporomoka Kariakoo kwenyewe, na watu wasiopungua 29 wakapoteza maisha. Ni vema basi kueleza mhandisi ujenzi ni nani na kazi yake ni ipi.

Maana ya uhandisi ujenzi

Uhandisi ujenzi ni taaluma ya kutumia kanuni za fizikia, hisabati na elimu ya miamba katika kusanifu, kujenga na kutunza majengo, barabara, madaraja, mabwawa na mifereji. Huko Ulaya, katika karne ya 18, fani hii ilipewa jina la uhandisi wa kiraia ili kuitofautisha na kazi ya wahandisi wa jeshi.

Kazi yenyewe ni ya zamani zaidi, na pwani yetu inayo mifano. Mafundi wa Kilwa walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Katika nyumba za mawe za pwani, upana wa chumba ulitawaliwa na urefu wa boriti ya mkoko, kwa kawaida mita 2.5 hadi 3 hivi. Mafundi hao walijua kwamba boriti haina budi kutopitishwa mbali kupita nguvu zake.

Mhandisi asichanganywe na wenzake. Msanifu majengo hupanga umbo na matumizi ya jengo, mkadiriaji majenzi hupima gharama, mkandarasi hujenga. Mhandisi ndiye anayethibitisha kwamba jengo litasimama.

Matawi ya fani

(a) Miundo. Tawi hili huchunguza jinsi uzito unavyosafiri kutoka sakafu hadi kwenye mhimili, kutoka mhimili hadi kwenye nguzo, na hatimaye msingini. Mfano mzuri ni Soko Kuu la Kariakoo, lililochorwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni la maganda ya zege yenye umbo la miavuli iliyopinduliwa. Umbo hilo huipa zege nyembamba nguvu ya kufunika eneo kubwa, na papo hapo hukusanya maji ya mvua.

(b) Udongo na misingi. Sehemu kubwa ya katikati ya jiji imekaa juu ya mchanga. Anayechimba shimo refu kando ya jengo la jirani huuondolea udongo ule kizuizi cha pembeni. Mchanga hutiririka, na msingi wa jirani hutitia. Kwa sababu hiyo udongo hupimwa kabla ya kuchora, na kuta za shimo huzuiwa kabla ya kuchimba.

(c) Maji na mazingira. Mto Msimbazi hupita karibu na Kariakoo kupitia bonde la Jangwani. Mafuriko ya Desemba 2011 yalionyesha gharama ya kuishi katika njia ya maji. Mhandisi wa tawi hili hukadiria wingi wa mvua, hupima upana wa mifereji na hutenganisha majitaka na maji ya kunywa.

(d) Barabara na usafirishaji. Mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016, yana tawi la njia linaloishia Gerezani. Tabaka za barabara, upana wa makutano na mahali pa kuvuka kwa miguu ni kazi ya mhandisi huyu.

(e) Vifaa vya ujenzi. Soko la Kariakoo liliungua tarehe 10 Julai, 2021. Baada ya moto mtu hawezi kuamua kwa macho tu kama jengo linafaa. Chuma kikifikia joto la nyuzi 600 hivi za Selsiasi hupoteza takriban nusu ya nguvu zake, na zege nayo hudhoofika. Kwa hiyo vipande hukatwa na kupimwa katika maabara.

Nguzo moja ikiondolewa

Mwenye duka anayetaka nafasi pana huweza kuuliza: je, nguzo hii moja ina kazi gani? Jibu ni la hesabu. Mita moja ya ujazo ya zege huwa na uzito wa kilo 2,400 hivi. Sakafu yenye unene wa sentimita 15 ina kilo 360 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 4 kwa 5 kina kilo 7,200, kabla ya kuweka hata robota moja la nguo.

Nguvu inayopinda mhimili huongezeka kwa kipeo cha pili cha urefu wake. Mhimili wa mita 4 ukiachwa uwe wa mita 8, kwa mzigo uleule kwa kila mita, hupindwa mara 4 zaidi.

Hatari ya pili imejificha. Zege hustahimili sana kugandamizwa lakini hukatika upesi ikivutwa, ndiyo maana hutiwa nondo upande unaovutwa. Juu ya nguzo, upande unaovutwa ni wa juu; kwa hiyo nondo nyingi huwekwa juu. Nguzo ikiondolewa, mahali palepale huanza kuvutwa upande wa chini, ambako nondo ni chache.

Ufa unaopanuka, mlango unaoanza kukwama na sakafu inayobonyea ni dalili za kuwaondoa watu kwanza na kumwita mhandisi.

Mafunzo na usajili

Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1973. Shahada huchukua miaka 4, na msingi wake ni fizikia na hisabati za sekondari. Baada ya hapo mhitimu hufanya kazi chini ya wahandisi wazoefu, kwa kawaida miaka 3, ndipo aombe usajili kamili katika Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyopo kwa sheria ya mwaka 1997.

Usajili huo una maana moja kubwa: sahihi ya mhandisi katika mchoro ni dhamana ya maisha ya watu asiowajua. Kijana anayependa hesabu, na asiyeona haya kumwambia tajiri kwamba nguzo hii haiondolewi, anafaa kwa kazi hii. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mhandisi ujenzi, methali hiyo ni kanuni ya kazi.