Chimba Shina Moja Kabla ya Kununua Urea

Mkulima wa mahindi akiona majani yanageuka njano, dawa anaijua: urea. Mazoea hayo akiyapeleka kwenye maharage, mara nyingi hupoteza fedha.

Naitrojeni, ambayo ndiyo iliyomo kwenye urea, imejaa hewani pia, karibu asilimia 78, ila mmea hauwezi kuila ikiwa hewa. Maharage, kunde, karanga na soya husaidiwa na bakteria waitwao raizobia. Hawa huingia kwenye mizizi, hujengewa vinundu, na humo huigeuza hewa kuwa chakula cha mmea. Mmea huwalipa sukari. Ukikuta udongo umeshiba urea, mmea hauna haja ya kuendelea kulipa, na vinundu hubaki vichache na vidogo. Shamba litapendeza, majani mapana ya kijani kizito, wapita njia watalisifu. Siku ya kuvuna utahesabu maganda machache.

Kuangalia vinundu

Maua yanapoanza, nenda shambani na jembe. Usivute shina, maana vinundu hukatika vikabaki ardhini, ukadhani havikuwepo. Chimba kulizunguka, liinue na udongo wake, litumbukize kwenye ndoo ya maji na ulitikise polepole. Vinundu utaviona vimeshika ubavuni mwa mizizi, vingine vidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Kipasue kimoja kwa ukucha. Ndani kukiwa kwekundu au kwa waridi, kazi inaendelea na urea huihitaji. Rangi ya kijani au kahawia ni ya kinundu kilichochoka. Cheupe huenda bado ni kichanga, au bakteria waliomo hawaufai mmea huo.

Tahadhari: minyoo fundo nao huvimbisha mizizi. Kinundu hubanduka kirahisi kwa kidole. Uvimbe wa minyoo haubanduki, kwa sababu ni mzizi wenyewe uliovimba.

Mbolea gani basi?

Mara nyingi kinachopungua ni fosforasi, kwa kuwa vinundu vinaihitaji sana. Mfuko wa mbolea ya DAP wa kilo 50 una kilo 23 za fosfeti, yenye fosforasi hiyo, na kilo 9 za naitrojeni. Kwa ekari moja, kilo hizo 9 zinatosha kuusogeza mche mpaka vinundu vianze kazi. Mfuko kama huo wa urea una kilo 23 za naitrojeni, na fosfeti hamna kabisa. Weka DAP kwenye shimo wakati wa kupanda, ifukie kwa udongo kidogo, ndipo uweke mbegu. Vikigusana, mbegu huungua.

Tuseme kweli, maharage ni mavivu kuliko kunde na soya katika kazi hii. Kwenye ardhi iliyochoka, ukichimba usikute kinundu na majani ni njano, kuongeza urea kidogo si kosa.

Soya ina masharti yake. Shamba ambalo halijawahi kulimwa soya huenda halina bakteria wanaoifaa. Wanauzwa kwenye pakiti, na Kenya wapo kwa jina la Biofix. Lowanisha mbegu kidogo kwa maji ya sukari, changanya kivulini, panda siku hiyohiyo udongo ukiwa na unyevu. Jua kali huwaua, na kukutana na mbolea ya dukani kwenye ndoo moja huwadhuru vilevile.

Ukishapiga maharage nyumbani, rudisha makapi shambani. Sehemu kubwa ya naitrojeni imeshaondoka na punje. Hiyo iliyobaki usiichome moto.